Kibuyu cha Kitale na Elimu ya Gesi

Mtu akifukiza nguo udi usiku, akaikunja na kuitia sandukuni, kesho akiitoa harufu i pale pale. Sisi watu wa pwani twalijua jambo hili tangu utotoni, wala hatujiulizi: moshi umekwisha, chetezo kimepoa, basi harufu imekaa wapi? Imekaa juu ya nyuzi. Chembe za manukato zimenata kwenye uso wa kila uzi.

Niliukumbuka udi huo nilipokuwa Kitale. Mama mwenyeji wangu alikuwa akitengeneza kibuyu cha maziwa. Alichukua kijiti kilichoungua hadi ncha yake ikawa kaa, akakisugua ndani ya kibuyu mpaka kuta zikawa nyeusi, ndipo akatia maziwa yalale. Wapokot na jamaa zao Wakalenjin wamefanya hivyo vizazi na vizazi, ili maziwa yapate ladha na yakae siku nyingi.

Kaa si kitu cha kudharauliwa. Ndani yake mna vitundu visivyohesabika. Gramu moja tu ya mkaa unaotayarishwa viwandani kwa kusafishia maji, lau nyuso zake za ndani zingetandazwa, zingepita mita 500 za mraba. Kwenye nyuso hizo ndiko harufu na gesi zinakonata.

Mwaka 1991 Mjapani Sumio Iijima aliwaonyesha walimwengu mirija midogo mno ya kaboni, kaboni ile ile ya makaa na masizi. Iko myembamba hata unywele wa mtu huizidi upana mara makumi ya maelfu. Hujikusanya matita matita kama fito, na baina ya fito hubaki vinjia. Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani walitangaza kuwa huenda mirija hiyo ikahifadhi haidrojeni ya kuendeshea magari. Wengine walipopima upya, katika joto la kawaida walipata kiasi kidogo mno. Haidrojeni hunata, lakini mshiko wake ni dhaifu. Yataka baridi kali, kama ile ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Na hapo ndipo penye ajabu. Haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote, na kitu chepesi namna hiyo, kwa kanuni za kwanta, hakitulii kabisa hata katika baridi ya mwisho. Ukikibana katika njia nyembamba, ndipo kizidipo kuhangaika, na mhangaiko huo huwa kama unaomnyima nafasi. Ndugu yake diuteriamu, mwenye umbo lile lile lakini uzito maradufu, hahangaiki kiasi hicho. Basi katika vinjia hivyo vyembamba, penye baridi, mzito huingia kwa urahisi kuliko mwepesi!

Mambo haya niliyazungumza na kijana asomaye fizikia, tulipokaa pamoja garini kutoka Kitale kupitia Webuye kwenda Bungoma. Aliyaeleza kwa Kiingereza fasaha. Nikamwuliza, "Na mama umemweleza, mwanangu?" Akacheka, akasema, "Mzee, hayasemeki kwa lugha ya nyumbani."

Mimi nasema yasemeka. Kilichokosekana si maneno, ni mazoea. Mwalimu anayeanza na kibuyu, au na nguo ya udi, amekwisha kumfikisha mwanafunzi nusu ya safari kabla hajaandika hesabu yoyote ubaoni. Bungoma ina chuo kikuu chake, Kibabii, kilichopewa hati mwaka 2015. Kitale ina jumba la makumbusho tangu miaka ya 1970. Laiti vyombo vya jadi na vitabu vya fizikia vingekutana meza moja!

Wala nisieleweke vibaya. Simo miongoni mwa wale wadaio kuwa bibi zetu walikuwa na elimu ya kwanta. Hawakuwa nayo, na kusema hivyo ni kuwatukana wao na elimu pia. Kibuyu ni mlango, si nyumba. Lakini nani aingiaye nyumbani kwa kuuvunja mlango?

Elimu ni amana. Kijana yule ameipokea kwa jasho la mama yake, aliyeuza maziwa ili alipe karo. Asipoweza kumrudishia hata kwa maneno, amana hiyo haijafika kwa mwenyewe.