Wapiga Filamu wa Treni Wasidharauliwe

Katika nchi nyingi wako watu wazima, wenye kazi na familia zao, ambao siku ya mapumziko huondoka nyumbani alfajiri, wakaenda kusimama kando ya reli au kwenye kituo cha basi. Hawasafiri. Hungoja treni au basi lipite, wakalipiga filamu, wakaandika namba yake katika daftari, kisha wakarudi makwao. Hakuna anayewalipa. Wapita njia huwacheka, na walinzi huwatilia shaka. Ni rahisi kuliita jambo hili utoto, lakini si haki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na watu hawa, bila ya kutumwa na mtu, wanatunza daftari la mali ya umma.

Mfano ulio wazi ni Uingereza. Mwaka 1942 kijana mmoja, Ian Allan, aliyekuwa karani katika kampuni ya reli ya Southern, alitoa kijitabu chenye orodha ya injini za kampuni hiyo. Vijana wakakinunua na kumiminika stesheni, penseli mkononi. Baada ya vita, kamera ndogo za sinema zilipozidi kuenea, baadhi yao waliongeza kamera juu ya penseli. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Mkanda wa filamu ya Super 8, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965, ulikuwa na urefu wa mita 15 hivi na ulikwisha kwa dakika 3 na sekunde 20. Mpigaji alilazimika kuamua ni treni ipi inayostahili sekunde hizo.

Wakati huo huo reli zenyewe zilikuwa zinakatwa. Machi 1963 Dk. Richard Beeching, mwenyekiti wa halmashauri ya reli za Uingereza, alitoa ripoti iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363 na njia za reli zipatazo kilometa 8,000. Hoja yake ilikuwa ya hesabu: theluthi moja ya njia zote ilibeba asilimia 1 tu ya safari za abiria, kwa kipimo cha umbali. Njia nyingi zikafungwa kweli, na Agosti 1968 injini za mvuke zikaondolewa katika huduma ya kawaida ya reli za taifa.

Ripoti ile ilihifadhi mapato na matumizi. Haikuhifadhi namna mpokea tiketi wa stesheni ya kijijini alivyowasalimu abiria kwa majina, wala jinsi mzigo ulivyopakiwa, wala mwendo wa treni ya magogo ikipanda mlima. Mambo hayo yamo katika mikanda ya watu waliokuwa wakichekwa. Filamu zao hazikuzuia hata njia moja kufungwa, na hapana haja ya kuzisingizia sifa hiyo. Faida yake ilikuja baadaye. Wananchi waliojitolea kufufua njia zilizokufa, kama wale wa Bluebell huko Sussex mwaka 1960, walikuwa wanaendesha kwa mikono yao kitu ambacho serikali imekiacha. Mwenye kufufua kitu cha namna hiyo anahitaji kujua kilivyoonekana na kilivyofanya kazi, na picha humwambia mengi ambayo jedwali la hesabu haliwezi kumwambia.

Wengine walitunza hata sauti. Peter Handford, fundi wa sauti za sinema, alikuwa akibeba mashine zake za kurekodi mpaka kando ya reli ili anase mlio wa injini za mvuke, na rekodi hizo akaziuza katika santuri. Fundi huyo huyo alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Oscar mwaka 1986 kwa sauti za filamu ya Out of Africa, iliyopigwa nchini Kenya. Yale yaliyoitwa mchezo yalikuwa sehemu moja na ufundi wake.

Hata hivyo wapenzi hawa wana kosa lao, tena kubwa. Wengi waliipenda injini wakamsahau mfanyakazi. Moshi uliompendeza mwenye kamera ulikuwa masizi katika kifua cha mtia makaa. Namba ya injini iliandikwa kwa uangalifu, lakini jina la dereva halikuulizwa. Mwenye kushika kamera leo hana sababu ya kurudia kosa hilo. Kabla ya kuondoka stesheni, aandike pia majina ya wanaokubali kuandikwa: dereva, fundi, mfagizi wa behewa.

Afrika Mashariki inalijua pengo hilo. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kiliiletea Reli ya Afrika Mashariki injini 34 za Garratt, zile za daraja la 59, zenye uzito wa tani 250 hivi kila moja, zikapewa majina ya milima ya kanda hii. Mojawapo, Mount Gelai, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli mjini Nairobi, nayo ina jina la mlima ulioko Tanzania. Mgeni anaweza kusoma namba yake na jina lake. Majina ya Waafrika waliotia moto katika matumbo ya injini hizo hayakuandikwa ubavuni mwake.

Na mabasi je? Mwalimu wa Dar es Salaam na awaulize wanafunzi wake kama wamepata kuona, hata katika picha inayotembea, mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungary yaliyokuwa yakiendeshwa na Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Mabasi hayo yalichukua wafanyakazi kwenda kazini na watoto kwenda shule. Kwa kuwa yalionekana kila siku, wachache walidhani yanahitaji kutunziwa kumbukumbu. Mabasi ya mwendo kasi yalianza mwaka 2016, na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro ilianza Juni 2024. Leo vyote viwili vinaonekana vya kawaida, na hivyo ndivyo vinavyosahauliwa upesi.

Wako watakaosema kwamba usalama huja kwanza. Wanasema kweli. Februari 2016, injini mashuhuri ya Flying Scotsman ilipofanya safari yake ya kwanza baada ya matengenezo, kutoka London kwenda York, ililazimika kusimama njiani kwa sababu watu wenye kamera walikuwa wameingia relini. Huo si upenzi wa reli, ni kuhatarisha maisha. Lakini Waingereza hawakupiga marufuku kamera. Shirika lao la Network Rail linaruhusu kupiga picha katika stesheni kwa masharti yaliyoandikwa: mtu asivuke mstari wa manjano, asitumie mwanga wa kamera, asizibe njia ya abiria.

Huko ndiko ofisa wa umma anakopaswa kuelekea. Mahali ambapo picha hairuhusiwi pawekwe kibao. Mahali inaporuhusiwa, masharti yabandikwe ukutani ili mlinzi na mwananchi wayasome pamoja. Kijana anayeruhusiwa leo na mlinzi mmoja, kesho akafukuzwa na mwingine, hajafundishwa usalama. Amefundishwa kwamba mali ya umma si yake.

Walimu nao wana nafasi yao. Katika miji mingi ya reli wako madereva, wapiga ishara na mafundi waliostaafu. Mwanafunzi mwenye simu ya kazini kwa baba yake anaweza kumpiga filamu mzee huyo akieleza kazi yake, kisha akaipiga na treni inayopita leo, akaandika tarehe, mahali na majina. Shule ikiitunza kazi hiyo vizuri, kizazi kijacho hakitalazimika kwenda kuomba kwa wageni picha za usafiri uliojengwa kwa jasho la babu zake.