Nani Kasema Kibao cha Zamani Kisiguswe?

Kila msanii mkongwe anapotoa wimbo mpya wa kuchezwa, au kibao chake cha zamani kinapochanganywa upya, hujitokeza walinzi wa makaburi. Mzee kaishiwa, husema; anapasha kiporo, anajitia ujana. Lawama hizi hutupiwa pia Pet Shop Boys, Waingereza wawili, Neil Tennant na Chris Lowe, waliokutana London mwaka 1981 katika duka la vifaa vya umeme. Ni lawama za watu wasiosikiliza.

Chukuliwe wimbo wao West End Girls, unaotetewa kwa jina la uasilia. Uasilia upi? Kibao hicho kilitoka kwanza mwaka 1984, kimetengenezwa New York na Bobby Orlando, kikapendwa katika baadhi ya majumba ya disko kisha kikapita. Mwaka 1985 wenyewe walikirekodi upya wakiwa na Stephen Hague, mwendo ukapunguzwa, na ni nakala hiyo ya pili iliyoshika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani mwaka 1986. Kabla mwaka huo haujaisha, Shep Pettibone alikwishaichanganya tena kwa ajili ya albamu Disco. Basi aapaye kuwa wimbo wa asili usiguswe, anaapia marudio asiyoyajua.

Mpenzi wa ushairi ndiye wa mwisho kupaswa kulalamika. Tennant ameeleza kuwa sauti zinazopishana ndani ya wimbo huo zinatokana na The Waste Land la T. S. Eliot, shairi la mwaka 1922 lililoshonwa kwa vipande vya washairi waliotangulia. Na pwani hii, je? Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipolitia takhmisi shairi la Liyongo, alitanguliza mishororo yake mitatu mbele ya miwili ya kale. Nani aliyemwita mwizi, au mvivu?

Mwaka 2023 Sleaford Mods, wawili wengine kutoka Nottingham, waliuimba upya West End Girls kwa ajili ya Shelter, shirika linalowasaidia wasio na makazi. Pet Shop Boys nao wakaichanganya nakala hiyo, wakawa wageni katika nyumba waliyoijenga wenyewe. Katika lafudhi kavu ya Nottingham, ule utengano wa London ya matajiri na London ya walalahoi, uliokuwa umefunikwa na miaka mingi ya kucheza, ulisikika tena kama ugomvi. Hapo marudio yalifanya kazi ya mfasiri.

Si kila mchanganyo una haki hiyo. Upo ule wa kuzidisha kishindo cha ngoma, kukata beti na kukimbilia sokoni. Huo na ushutumiwe, tena kwa jina lake, lakini usifanywe kisingizio cha kuyafungia mengine.

Linabaki suala la umri. Mwaka 2024, Tennant akikaribia miaka 70, walitoa Dancing Star, wimbo wa disko unaomhusu Rudolf Nureyev, mcheza bale aliyewatoroka walinzi wake wa Kisovieti katika uwanja wa ndege wa Le Bourget, Paris, mwaka 1961. Wakosoaji wanaweza kukumbusha, na kwa haki, kuwa Nureyev huyohuyo alikataa kushuka jukwaani mwili ulipomwacha, hata mwaka 1991 baadhi ya watazamaji wa Uingereza wakadai warudishiwe fedha zao. Hoja nzuri, ila imekosea mlango. Bale hudai goti; wimbo hudai sikio. Sauti ya Tennant, nyembamba, nusu yake maongezi, haikuwahi kutegemea nguvu za kijana. Na Lowe, ambaye tangu mwanzo husimama nyuma ya kinanda chake kimya kama mlinzi wa benki, hana goti la kumsaliti.