Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji: Kagueni Malambo Yetu Kabla ya Masika

Kwa Afisa Mtendaji Mkuu,
Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), Nairobi.

Mheshimiwa,

Mimi ni mkulima wa Borabu, Kaunti ya Nyamira, na nina lambo dogo la udongo. Mgeni huuliza lambo la nini katika nchi yenye mvua kama Gusii. Ni kwamba mvua hupungua kati ya Desemba na Februari, na hapo ndipo chinsaga, managu na sukuma wiki hupanda bei sokoni. Mwenye maji shambani ndiye mwenye mboga.

Lakini lambo linaweza kuua. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka Solai, Kaunti ya Nakuru, likaua zaidi ya watu 40. Lilikuwa tuta la udongo la kuhifadhi maji ya shamba, kama haya yetu, ingawa lilikuwa kubwa zaidi. Huku Kisii na Nyamira miteremko ni mikali na nyumba zimeshuka hadi mabondeni. Maji yakichomoka juu, hayana uwanda wa kutulia.

Mara nyingi tuta hutoa dalili mapema. Maji ya ziada yakikosa njia ya kutokea, hupita juu ya tuta na kulimega. Udongo usioshindiliwa tabaka kwa tabaka huvuja. Mkaratusi uliopandwa kwenye tuta ukifa, mizizi huoza na kuacha vijia vya maji. Mtaalamu huyaona haya kwa kulizunguka lambo wakati wa kiangazi.

Sheria ya Maji ya 2016 imewapa ninyi kazi ya kutoa vibali. Hata hivyo, wengi wetu hatufiki ofisini kwenu Kisii, kwa kuogopa gharama na amri ya kufungiwa maji. Lambo lililofichwa halikaguliwi, na anayelipia hofu yetu ni jirani aliye chini.

Kwa hiyo naomba kila Januari na Februari maafisa wenu wafuatane na machifu na kuandikisha malambo yote, hata madogo. Lenye kasoro, mwenyewe aelekezwe na kupewa muda wa kulitengeneza. La hatari lipunguzwe maji siku hiyohiyo, na jirani wa chini aambiwe. Ada nayo iwe ile ambayo mkulima mdogo anaimudu.

Mkija Borabu, anzeni na langu.

Wako mwaminifu,
Mkulima wa Borabu