Kazi za mikono: Masanduku ya ua wa miti hai

Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa moto Nyiragongo ulilipuka, na mawe yake yaliyoyeyuka yakapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwa Kivu. Yalipopoa, watu wakajenga tena juu yake, na nyumba nyingi zikawa za mbao. Jiwe hilo jeusi halichimbiki kwa jembe. Ndiyo sababu mwenye kiwanja anayependa ua wa miti hai hana budi kuipanda katika masanduku ya mbao yaliyojazwa udongo.

Kazi hiyo ni njema, lakini mbao ni ghali, na sanduku lililoundwa vibaya huoza baada ya masika machache. Basi tumjue kwanza adui. Ubao hauliwi na maji, bali na kuvu, nayo huhitaji maji na hewa pamoja. Ubao mkavu hauozi. Ubao wa sanduku una udongo wa majimaji ndani na hewa nje: ndiyo karamu ya kuvu. Kwa hiyo tutende mambo mawili: tuzuie maji yasiuguse ubao, tena tuyape njia ya kutoka.

Kwanza, kuunda. Sanduku la urefu wa metro 1, upana wa sentimetro 40 na kina cha sentimetro 40 likijaa udongo uliolowa huzidi kilo 200. Tutie vipingo chini ya sakafu yake, tena tulijaze papo hapo litakapokaa. Sakafuni tutoboe matundu yenye upana wa kidole, moja kila sentimetro 15.

Pili, kupaka. Ubao hunywa maji zaidi kwenye ncha zilizokatwa na msumeno. Tuzipake rangi au mafuta ya kitani kwanza, hata mara tatu. Mafuta machafu ya motokari tusiyatumie: yana sumu, nayo hupenya udongoni mpaka kwenye mizizi.

Tatu, kutandika. Ndani tutandike plastiki nzito, bila kuipigilia misumari popote ila ukingoni juu, maana kila tundu la msumari ni mlango wa maji. Kisha tuipasue sawasawa juu ya matundu ya sakafu. Asiyeipasua ametengeneza beseni, na miti yake itakufa kwa kukosa hewa mizizini, ijapokuwa yeye hudhani ina kiu na huiongezea maji.

Nne, udongo. Wengi humwaga kokoto chini kabisa, wakidhani maji yatatoka upesi. Hatuwashauri hivyo. Udongo laini huyashika maji kama sifongo, hauyaachii kokoto mpaka umeshiba kabisa; basi maji husimama juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi. Yafaa kuchanganya: makarai mawili ya udongo, moja la mboji, moja la changarawe nyeusi ya mlima. Juu ya matundu kipande cha chandarua chatosha kuzuia udongo usitoke. Tumwage ndoo moja ya maji kwa kujaribu: yasipoanza kudondoka chini, tutafute tundu lililozibwa.

Tano, mahali. Tuliweke sanduku juu ya mawe, liachane na ardhi kwa sentimetro 5, hewa ipite chini yake. Tusiliegemeze ukutani: sanduku lililolowa huozesha mbao za nyumba pia, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Tuache nafasi ya kupitisha mkono, tena liinamishwe kidogo kuelekea nje.

Kwa ua, haibisko na bugenvilia hukubali kukatwakatwa zikasongamana. Minyaa huota kwa urahisi, lakini utomvu wake mweupe huunguza macho. Penye watoto wadogo tusiipande.

Kila kiangazi, mwezi wa 6 hadi wa 8, tukague. Ncha zilizobabuka tuzipake tena, na watoto wazibue matundu kwa kijiti. Ni kazi ya asubuhi moja. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.