Wakorea Hawajaniroga, Anko

Kila Desemba nikishuka matatu pale Tawa, kabla sijamaliza hata kikombe cha kwanza cha chai, kuna mjomba wangu mmoja lazima afungue kesi. Kesi yenyewe haijabadilika miaka minne sasa. "Hawa Wakorea wamewaroga nyinyi vijana. Mtoto wa Mkamba anajua jina la kila mwigizaji wa Seoul lakini hajui majina ya ndugu za babu yake!" Watu hucheka. Mimi pia hucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyechinja mbuzi, na huwezi kubishana na mtu ambaye bado ameshika kisu cha nyama.

Lakini mwaka huu nimeamua kujibu. Najibu hapa kwa sababu hapa hakuna mbuzi.

Anko, tuanze na yale ambayo uko sawa. Ni kweli nimekesha. Ni kweli kuna siku nilinunua bando na pesa ya sukuma. Ni kweli pia kwamba K-drama nyingi ni takataka tamu: tajiri mwenye uso laini kama yai lililomenywa, msichana maskini, mvua, mwavuli mmoja. Jamaa anamvuta dem mkono kwa nguvu mbele ya watu, muziki unapigwa, na sisi tunaambiwa hayo ni mapenzi. Ukifanya hivyo kwa soko la Tawa utapigwa na mama mboga kabla muziki haujaanza. C-drama nazo zinaweza kwenda sehemu hamsini, na nusu yake ni wake za mfalme wakinywa chai na kupangiana sumu.

Na sijasema ni watakatifu. Mwaka 2021, tamthilia ya Kikorea The Penthouse ilimleta mhusika mwenye rasta na tatoo zilizofanya watu weusi kote duniani waulize tunachekwa kwa nini, mpaka mwigizaji Park Eun-seok akaomba msamaha. Wachina ndio usiseme. Februari 2018, kwenye sherehe ya mwaka mpya ya runinga ya taifa ya China, CCTV, kulikuwa na mchezo mfupi kuhusu SGR yetu, ile reli inayokata Makueni kupitia Emali na Kibwezi hadi Mtito Andei. Mwigizaji wa Kichina, Lou Naiming, alipakwa uso rangi nyeusi, akawekewa makalio ya bandia na sahani ya matunda kichwani, ati ndiye mama wa Kiafrika. Kando yake kulikuwa na mtu amevaa kama nyani. Tulikasirika sana, na tulikuwa na haki. Mimi mwenyewe niliandika maneno mtandaoni ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mwaitu.

Sasa shika hasira hiyo vizuri, Anko, usiiachilie. Tutaihitaji.

Mwaka 2022 niliitwa kwa majaribio ya kuigiza hapa Nairobi. Kipindi sitakitaja, na hata nikikitaja hutashangaa, kwa sababu viko vingi vya aina hiyo. Nafasi ilikuwa ya mboch. Nikasoma mistari yangu kwa Kiswahili changu cha kawaida, kile nilichosoma nacho shule na ninachoongea nacho kwa matatu. Mwelekezi akanisimamisha. "Wewe si Mkamba? Weka Ukamba."

Nikaweka kidogo. "Zaidi." Nikasema balabala. Wakacheka. "Zaidi." Nikaanza kuharibu hata maneno ambayo hakuna Mkamba aliye hai huyaharibu. Nikaona watu wa kamera wanashika mbavu, nikajua kazi nimepata. Nililipwa elfu tatu na chipsi.

Desemba hiyo, binamu yangu akamwonyesha susu kipande changu kwa simu. Susu wangu ana miaka themanini na kitu, na Kiswahili alijifunza sokoni. Aliangalia mpaka mwisho. Nyumba nzima ilikuwa inacheka, wewe Anko ukiwa wa kwanza. Yeye alirudisha simu akaniuliza kwa Kikamba, polepole, kama mtu anayeuliza bei: "Kwani mimi huongea hivyo?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwiga yeye.

Ndiyo maana nasema turudi kwa ile hasira ya 2018. Wachina walipaka uso rangi tukapiga nduru. Sisi hapa tumepaka ulimi rangi miaka nenda miaka rudi na tunaita komedi. Mluhya ni soja wa geti. Mkamba ni mboch, ama ni mganga mwenye kibuyu. Mluo ni wa kujigamba kwa Kiingereza kikubwa. Mkikuyu akichanganya 'l' na 'r' ujue anataka kukuibia. Mtu mwenye akili, mwenye mapenzi, mwenye siri nzito, huyo anaongea Kiingereza cha Karen na ana ngazi ndani ya nyumba.

Najua mtasema: si tunajicheka wenyewe? Si hata wachekeshaji wa Ukambani hufanya hivyo? Wasee, mimi sina shida na kicheko. Kule kwetu matanga yenyewe huwa na mtu wa kuchekesha. Swali langu ni hili: lini mara ya mwisho uliona kwa runinga ya taifa mtu mwenye lafudhi ya Mbooni akitongoza, na hukutarajiwa kucheka? Akilia msiba? Akimpa mwanawe ushauri ambao ungeuandika mahali? Lafudhi yetu imepewa kazi moja tu, na kazi hiyo ni kuanguka ili wengine wacheke.

Sasa niulize tena kwa nini natazama Wakorea.

Machi 2025, Netflix walitoa tamthilia inayoitwa kwa Kiingereza When Life Gives You Tangerines. Sehemu kumi na sita, IU na Park Bo-gum. Wenzangu walibaki wakibishana kama Park Bo-gum ni mzuri kuliko Cha Eun-woo, na mimi nasema mtu yeyote aliyemaliza tamthilia hiyo akiongea habari ya sura alikuwa amelala. Mwigizaji mkubwa mle ndani ni Yeom Hye-ran. Anacheza mama mzamiaji, mmoja wa wale wanawake wa kisiwa cha Jeju wanaoitwa haenyeo, wanaoshuka baharini bila mtungi wa hewa kutafuta chakula. Anaonekana sehemu chache tu, lakini baada ya hapo hakuna anayefungua mdomo bila kivuli chake kuwa hapo. Bintiye, Ae-sun, ni msichana fukara anayetaka kuwa mshairi. Kijana anayempenda anauza kabichi sokoni ili Ae-sun apate nafasi ya kusoma kitabu. Kabichi, Anko. Hakuna gorofa, hakuna mwavuli.

Na jina lake la Kikorea ndilo lililonimaliza. Ni Pokssak Sogatsuda, na hicho si Kikorea cha Seoul, ni lugha ya Jeju. Maana yake ni kama kumwambia mtu pole na kazi, umejitahidi sana. Kwa sikio la Seoul maneno hayo yanasikika kama umedanganywa kabisa. Yaani watu wa mji mkuu ilibidi waelezwe maana ya jina la kipindi cha nchi yao wenyewe. Lugha hiyo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2010 miongoni mwa zile zilizo karibu kabisa kufa. Mzalishaji wa hapa kwetu angesema, "Tafuta jina ambalo watu wa Nairobi wataelewa." Wao waliibandika juu kabisa, na Seoul ikajifunza.

Wala si mara ya kwanza. Reply 1997, ya mwaka 2012, ilikuwa ya vijana wa Busan wakiongea lahaja ya Busan mwanzo mwisho, na msichana mkuu akachezwa na Jung Eun-ji, mzaliwa wa Busan. Wanapendana kwa lahaja hiyo, wanatukanana nayo, wanazeeka nayo.

Wachina nao, pamoja na dhambi zao, wana Minning Town ya mwaka 2021. Ni tamthilia ya serikali, sikatai, na propaganda iko ndani unaiona kwa macho. Lakini ni habari ya watu wanaohamishwa kutoka nchi kavu ya Xihaigu huko Ningxia kwenda jangwa lingine, na waigizaji wakubwa kama Huang Xuan wanaongea kwa lafudhi ya wakulima wa kaskazini-magharibi. Kuna vita ya kuomba maji kutoka kituo cha pampu. Kuna watu wanalima uyoga halafu soko linaporomoka. Mtu wa Ukambani akitazama hiyo hahitaji maandishi ya chini. Nilikuwa nashangaa tu mbona punda hawana mitungi.

Na msiniambie kijijini hakuna hadithi. Tawa peke yake ina hadithi za miaka kumi. Kuna malori yanayosomba mchanga usiku kwenda kujenga magorofa ya Nairobi, mto ukibaki jiwe tupu, mpaka kaunti ikapitisha sheria ya mchanga mwaka 2015. Nani aliuza, nani alilipwa anyamaze, kijana gani alipakia lori huku mama yake akichimba maji umbali wa shamba mbili? Kuna wanawake wa mwethya wanaobeba mawe kujenga bwawa la mchanga, na wawili kati yao hawasalimiani tangu kesi ya shamba. Kuna binti aliyeenda Saudia, anatuma pesa, na hakuna anayemuuliza analala wapi. Hiyo ni drama. Wakorea wangetengeneza sehemu kumi na sita na tungelia zote.

Mtasema pesa. Sawa, Korea ina pesa na sisi hatuna. Lakini lafudhi haikodishwi. Kumwacha mwigizaji aongee kama mama yake hakuongezi hata shilingi kwa bajeti. Mtasema pia kuna kanuni: Mamlaka ya Mawasiliano inataka asilimia 40 ya vipindi viwe vya hapa nyumbani. Nzuri. Kanuni hiyo inahesabu saa. Kile kipande changu cha mboch nacho kilihesabiwa.

Na mtanitajia Country Queen. Nitaitaja mwenyewe, kwa heshima. Julai 2022, tamthilia ya kwanza ya Kenya kutolewa na Netflix kama yao, Melissa Kiplagat akiwa Akisa anayerudi kijijini Tsilanga na kukuta kampuni ya dhahabu inataka ardhi. Kiswahili, Kiingereza, na ndani yake Kikamba, bila mtu kukipaka rangi. Nilimwonyesha susu mwezi ule ule. Aliposikia sentensi ya kwanza ya Kikamba alivuta kiti karibu na simu. Sehemu sita, zikaisha. Na hata hizo, sehemu ya fedha ilitoka Ujerumani. Miezi mitano baadaye akaonyeshwa kipande changu.

Kwa hivyo sitaki mtu aniambie nizime Wakorea. Ninachotaka ni mwandishi mmoja apande matatu, ashuke Tawa, akae mwezi mzima bila kumwambia mtu yeyote "weka Ukamba". Nataka mwelekezi amwambie mwigizaji kutoka Mbooni, Siaya au Kakamega: ongea vile unaongea ukiwa umekasirika nyumbani. Na sisi watazamaji, tunaojua kumtetea mwigizaji wa Seoul saa nane usiku dhidi ya watu wa Brazil, tuanze kuzima TV ile lafudhi ya bibi zetu inapoletwa kuanguka. Tuandike malalamiko vile tuliandika 2018. Mimi ndiye nitakuwa wa kwanza kulalamikiwa, na nitastahili.

Pasaka iliyopita, mwaka 2025, nilimfungulia susu ile ya Jeju. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hivyo nilikuwa nasoma na kumtafsiria kwa Kikamba, nikichelewa kidogo kila sentensi. Hapo nyuma tulizoea zile za Kichina zilizotiwa Kiswahili, maana StarTimes walishafanya hata mashindano ya sauti Tanzania na washindi wakapelekwa Beijing, na susu husema Wachina hao wanaongea Kiswahili kunishinda. Lakini hii ilimshika kwa njia nyingine. Mama mzamiaji alipotoka baharini akihema, susu aliniuliza, "Huyu ni wa wapi?"

"Wa kisiwani, susu. Mbali na mji mkuu. Wana lugha yao."

"Na watu wa mji wanamcheka?"

"Hapa hawamcheki."

Akanyamaza kidogo, akaniambia niendelee.

Kwa hivyo Anko, Desemba ikifika na ukae pale na kisu chako, usiniulize tena ni nani aliniroga. Niulize ni nani alinilipa elfu tatu, na kwa nini nilizichukua. Hiyo kesi nitajibu nikiwa nimesimama.