Kipaji Si Leseni ya Kiburi

Ingia jioni kwenye kibanda chochote chenye runinga hapa Mgololo, shifti ya mchana ikiwa imeshatoka kwenye kiwanda cha karatasi, utaje msanii yeyote anayesifika kwa kufokea wenzake. Hutamaliza sentensi kabla hajapatikana wakili wake. "Mwacheni aringe, si anajua!" Mwingine atadakia kwamba nyota asiye na maringo si nyota. Vichwa vinatikisika, mjadala umefungwa.

Mimi naufungua tena. Imani hiyo ni ya uongo, na kuna watu wanaoumia kwa sababu yake.

Machi 2015 Jeremy Clarkson, mtangazaji wa Top Gear, kipindi cha magari cha BBC kilichotazamwa dunia nzima, alirudi usiku hotelini huko Yorkshire, Uingereza, baada ya siku ya kurekodi. Chakula cha moto hakikupatikana. Basi akamporomoshea matusi mmoja wa watayarishaji wa kipindi, Oisin Tymon, kisha akampiga hadi mdomo ukavimba na kutoka damu. Hayo yalithibitishwa na uchunguzi wa BBC yenyewe. Shirika likakataa kumwongezea mkataba.

Sasa tazama watazamaji walivyofanya. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini kutaka Clarkson arudishwe. Aliyepigwa akageuzwa mkosaji, akatukanwa mitandaoni kana kwamba ni yeye aliyekula hicho chakula, mpaka Clarkson mwenyewe akawaomba watu wamwache kijana wa watu, hana kosa. Mpigaji aliona aibu ambayo mashabiki wake hawakuiona.

Najua nitakavyojibiwa: kipindi hakikuyumba baada ya yeye kuondoka? Kiliyumba. Chris Evans alikabidhiwa usukani mwaka 2016, akaachia baada ya msimu mmoja tu. Watetezi wa maringo huishia hapo na kushangilia. Wangesoma na mstari unaofuata. Clarkson alipokwenda kuanzisha The Grand Tour kwenye Amazon mwaka huohuo, alikwenda na Richard Hammond na James May, watangazaji wenzake, pamoja na Andy Wilman, mtayarishaji mkuu wao wa tangu Top Gear. Huyo tunayeambiwa alikuwa kila kitu, siku ya kuhama alihama na watu wake. Kilichokosekana BBC hakikuwa kiburi cha mtu mmoja. Timu nzima ilikuwa imeondoka.

Wala hatuhitaji kwenda Uingereza kuliona hilo. Miaka ya 2000 ikielekea ukingoni, vijana waliotuchekesha kwenye kituo cha EATV kwa kipindi cha Ze Comedy walihamia kituo cha TBC1. Jina likaleta mvutano, wakaibuka na jingine: Ze Orijino Komedi. Watazamaji wakawafuata, kwa sababu Joti, Masanja, Mpoki na wenzao walikuwa pamoja. Kichekesho cha mmoja kilihitaji uso wa mwenzake wa kukipokea. Kule Kenya, Mzee Ojwang wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi angemchekesha nani bila Mama Kayai wa kumjibu?

Sisi wa Mgololo ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. Gogo la msonobari likitoka msitu wa Sao Hill hupita mikono mingi kabla halijawa karatasi, na aliyesimama pale roli la karatasi linapotokea hawezi kujipiga kifua kwamba karatasi ni yake. Akijaribu, shifti nzima itamcheka. Mbona kwenye runinga tunamwamini?

Fikiria lokesheni ambako nyota anachelewa. Jenereta inanguruma na kunywa mafuta. Mpakaji vipodozi anafuta jasho kwenye nyuso alizokwisha kuzipamba. Kamera ipo tayari, mwanga wa asubuhi unaondoka, na sini iliyopangwa kwa mwanga huo imeshakufa. Nyota anashuka garini, anamfokea mbeba maiki kwa kumkaribia vibaya. Dairekta anatazama pembeni. Kijana yule hatajibu, maana analipwa kwa siku na kesho anataka aitwe tena. Watazamaji tutakuja kuona sini mbovu na kulaumu kamera.

Wahenga walishasema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maringo hayamfanyi mtu awe nyota. Huja baadaye, sifa zikishazidi na wa kumkanya wameshanyamaza. Tunayoyaita tabia ya wenye vipaji ni tabia ya mtu yeyote asiyeambiwa hapana. Mpe bosi wa ofisi au mwenyekiti wa kijiji uhuru huohuo, uone kama naye hatapata "kipaji".

Kwa hiyo wenye vituo waandike kwenye mikataba adhabu ya matusi na ya kuchelewa, halafu waitekeleze kwa mkubwa kabla ya mdogo. Watayarishaji waache kumnong'oneza mfanyakazi aliyedhalilishwa kwamba avumilie tu. Nasi watazamaji, tukisikia fulani amempiga au kumtukana mwenzake kazini, tusiulize kwanza kama anajua kuigiza. Hilo si swali linalohusika. Anayetaka kuringa akaringie kwake. Kazini kuna watu waliokuja kufanya kazi.