Gazi ya Kivu: tuonyeshwe kwanza maji yatarudishwa wapi

Wandugu vijana wa Goma, Bukavu, Kalehe na Idjwi,

Mwezi wa saba 2022, Kinshasa ilitangaza kuuza vitalu vitatu vya gazi ndani ya ziwa Kivu: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Wakubwa wanasema tu juu ya megawati na dola. Juu ya usalama wa wakaaji, kimya.

Hatukatai umeme. Mama zetu wanapika na makala, na sisi wenye madiploma tuko tunakaa bure. Lakini gazi hii imeyeyuka ndani ya maji yenyewe: karibu kilometa kyubu 60 za metani, na 300 za kaboni dioksidi, ile ile ya mazuku yanayoua watu hapa kwetu. Uzito wa maji ya chini njo unaifunga kule. Kamerun, tarehe 21 mwezi wa nane 1986, ziwa Nyos lilitapika gazi usiku, watu zaidi ya 1,700 wakafa. Na Nyos ni dimbwi tu mbele ya Kivu.

Namna ya kuitoa inajulikana. Pale Karongi, Rwanda, tiyo inachota maji karibu metre 350 chini, gazi inachomoka na mapovu, mashini zinatoa megawati 26. Shida ni maji yanayobaki. Yakirudishwa juu sana, yanaleta mbolea nyingi, hewa ya sambaza inaisha, na kile kizibo cha maji mazito kinalegea. Wataalamu walikwisha andikia nchi zote mbili kanuni. Nani atapima kama zinafuatwa? Mwenye kampuni mwenyewe?

Hata wenye kuchimba petroli baharini wanaogopa gazi iliyo karibu na sakafu. Wanapima kwanza kwa mawimbi ya sauti, wanatoboa tundu ndogo ya majaribio, kisha ile kubwa. Sisi tuko na golfu ya Kabuno, karibu na Sake, ambako gazi iko karibu kabisa na uso wa maji. Metani yake ni kidogo, kwa hiyo faida hakuna. Kabuno isingojee mnunuzi: ni kazi ya serikali.

Tunaomba kila mkataba ubandikwe hadharani, na metre za kuchota na za kurudisha maji ziandikwe mule. Vipimo visomwe ku radio kila mwezi, kwa Kiswahili. Vijana waliosoma kemia na jiolojia waajiriwe kupima, walipwe na pesa ya gazi, lakini wasiwe chini ya kampuni. Mbele ya hayo, tiyo hata moja isiingie ziwani.